Dawa Iliyotangulia Maarifa: Historia ya Tiba ya Kukosa Usingizi

Kukosa usingizi, yaani hali ya mtu kushindwa kulala, au kuzinduka usiku na kushindwa kuurudia usingizi ilhali ana wakati na mahali pa kulala, ni maradhi ambayo dawa zake zilipatikana zamani kabla ya chanzo chake kueleweka. Kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19 matabibu wa Ulaya na Marekani waliweza kumlaza mgonjwa bila kujua ubongo hulala vipi, na kila dawa ilipodhihirisha madhara yake ilizuka nyingine iliyosifiwa kwamba imesalimika na kasoro za ile ya kwanza. Maarifa ya chanzo yalipita njia nyingine, na walioyaleta, wengi wao, hawakuwa wakitafuta dawa ya usingizi hata kidogo.

Kabla ya hapo tiba ilitegemea mafundisho ya Wayunani, hasa Galeni, yaliyoendelezwa na matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu. Ibn Sina, aliyekamilisha kitabu chake kikuu cha tiba, Al-Qanun, mnamo 1025, aliuhusisha usingizi na unyevu wa ubongo, na kukesha kupita kiasi na ukavu na joto, ndiyo maana tiba ilielekea kwenye mafuta ya kichwani, kuoga maji ya vuguvugu na, hali ikiwa nzito, afyuni. Fikra hizi za joto na baridi, ukavu na unyevu, zilifika pia pwani ya Afrika Mashariki pamoja na tiba ya Kiarabu, na hazijatoweka katika mazungumzo ya watu kuhusu chakula na afya. Nadharia hiyo ilikuwa na makosa yake, lakini ilikuwa na sifa moja ambayo karne ya 19 iliipoteza: ilimtazama mgonjwa pamoja na mlo wake, huzuni zake na mahali anapolala.

Karne ya 19 ilileta maelezo ya kimakanika zaidi. William Hammond, aliyewahi kuwa mganga mkuu wa jeshi la Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alichapisha mwaka 1869 kitabu kilichoshikilia kwamba mtu hukesha kwa sababu damu imezidi ubongoni, na kwa msingi huo akaipendekeza bromidi ya potasiamu, chumvi iliyokuwa ikitumika kutuliza kifafa, akiamini kwamba huipunguza damu hiyo. Bromidi ilituliza kweli, ila si kwa njia aliyoidhani. Zaidi ya hayo, chumvi hii hutoka mwilini polepole mno, ikichukua siku kama 12 kupungua kwa nusu, hivyo aliyeinywa kila usiku alizidi kuilimbikiza hadi akapatwa na vipele, usahaulifu na hata kuchanganyikiwa akili.

Mwaka huohuo wa 1869, mjini Berlin, Oscar Liebreich alitangaza kwamba hidrati ya klorali, kemikali iliyotengenezwa na Justus von Liebig mwaka 1832 na kukaa miongo mingi bila kazi ya tiba, humlaza mtu. Hoja yake inastahili kuangaliwa kwa karibu. Ilijulikana maabarani kwamba klorali ikichanganywa na magadi huvunjika na kutoa klorofomu, dawa ya nusukaputi iliyokuwa ikitumika katika upasuaji, na kwa kuwa damu ina hali ya magadi kidogo, Liebreich alikata shauri kwamba klorali ikimezwa itageuka klorofomu ndani ya mishipa na kumlaza mgonjwa taratibu. Akaijaribu, na mgonjwa akalala. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba hakuna klorofomu inayotokea humo. Mwili huigeuza klorali kuwa kilevi cha aina nyingine, na hicho ndicho kinacholaza. Dawa ya kwanza ya usingizi iliyotoka maabarani na kuenea ulimwenguni ilizaliwa, basi, na hesabu iliyokosewa ikatoa jibu lililofaa.

Klorali ilikuwa na ladha kali ya kuunguza koo, ikanywewa kwa sharubati, na mchoraji na mshairi wa London Dante Gabriel Rossetti, aliyeitegemea kwa miaka mingi kabla ya kufa mwaka 1882, aliisindikiza kwa wiski. Mwanafizikia John Tyndall alifariki mwaka 1893 baada ya mkewe kumpa klorali kwa makosa akidhani ni magnesia, dawa ya tumbo iliyokuwa kando ya kitanda. Visa kama hivi viliwafanya wakemia watafute kitu chepesi kumeza na salama zaidi.

Wakakipata katika asidi ya barbituri, iliyotengenezwa na Adolf von Baeyer mwaka 1864, ambayo yenyewe haimlazi mtu. Mwanafunzi wake Emil Fischer, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1902, akishirikiana na tabibu Joseph von Mering, alitangaza mwaka 1903 kwamba mojawapo ya vitokanavyo na asidi hiyo, barbitali, hulaza vizuri, nayo ikaingia madukani kwa jina Veronal. Mwaka 1912 ikafuata Luminal, na baada yake zikaja nyingine nyingi, zote zikiitwa kwa pamoja barbiturati. Kasoro yao haikuwa rahisi kuonekana mwanzoni. Mwili huzoea haraka nguvu ya barbiturati ya kulaza, kwa hiyo mtumiaji huongeza kipimo ili apate usingizi uleule, lakini kipimo kinachozima pumzi hakisogei mbali kwa kiasi hicho. Kwa kila kidonge kilichoongezwa, nafasi kati ya kulala na kufa ilizidi kuwa finyu, na kufikia katikati ya karne ya 20 vifo vya barbiturati, vya bahati mbaya na vya makusudi, vilikuwa tatizo kubwa la afya ya jamii Uingereza na Marekani.

Hofu hiyo ndiyo iliyoifungulia mlango thalidomide. Ilipoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kwa jina Contergan, bila cheti cha daktari, ilinadiwa kama dawa ya kutuliza na kulaza ambayo hata ikizidishwa ni nadra kumuua mtu, na katika hilo hapakuwa na uongo. Jambo ambalo halikupimwa ni athari yake kwa mimba. Wajawazito walioimeza, wengi wao kwa ajili ya kichefuchefu, walijifungua watoto wenye mikono na miguu mifupi au wasio nayo kabisa. Idadi yao duniani inakadiriwa kuvuka 10,000. Iliondolewa sokoni Ujerumani Novemba 1961. Marekani, Frances Kelsey, mkaguzi katika mamlaka ya dawa, alikataa kuiidhinisha kwa kudai ushahidi zaidi, na ukaidi wake uliwaokoa wengi.

Benzodiazepini, zilizotokana na kazi ya Leo Sternbach katika kampuni ya Roche, zilianza na Librium mwaka 1960 na Valium mwaka 1963. Hizi kweli zilikuwa salama kuliko barbiturati, na pengine kwa sababu hiyohiyo ziliandikwa kwa ukarimu uliopitiliza. Ilichukua miaka kukiri kwamba mwili huzitegemea, kwamba kuziacha ghafla hurudisha mkesho mbaya kuliko wa awali, na kwamba wazee wanaozitumia huanguka na kuvunjika mifupa.

Maarifa ya chanzo yalianzia kwingine. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mjini Vienna, Constantin von Economo alichunguza ugonjwa wa ajabu wa kuvimba ubongo uliowafanya wengi walale mfululizo na wachache wasipate hata lepe la usingizi. Alipopasua maiti aliona kwamba waliolala sana waliumia sehemu ya nyuma ya haipothalamasi, eneo dogo chini ya ubongo, na waliokesha waliumia sehemu yake ya mbele. Usingizi, kwa hiyo, haukuwa kuzimika kwa ubongo uliochoka, bali kazi inayofanywa na sehemu maalumu. Mwaka 1982 Alexander Borbély wa Zürich alieleza kwamba nguvu mbili hukutana: haja ya kulala, inayokua kadiri mtu anavyokaa macho, na saa ya ndani ya mwili inayozunguka kwa takribani siku moja. Anayelala mchana kufidia usiku mbaya huila haja hiyo kabla haijakomaa.

Hapo ndipo mwanasaikolojia Arthur Spielman wa New York alipoweka, mwaka 1987, maelezo ambayo bado hayajapitwa: kuna maumbile yanayomweka mtu karibu na kukesha, kuna tukio linalouanzisha mkesho, kama msiba au deni, na kuna mazoea yanayouendeleza hata baada ya tukio kupita, kama kuingia kitandani mapema na kugaagaa humo. Tiba yake inashangaza. Mgonjwa anayekaa kitandani kwa muda wa saa 9 na kulala kwa saa 5 na nusu huambiwa akae humo saa 5 na nusu tu, aamke saa ileile kila siku, na muda huongezwa dakika 15 pale anapokuwa amelala kwa asilimia 90 ya muda aliokaa kitandani. Siku za kwanza ni za mateso, na dereva hapaswi kuzianza bila uangalizi. Kanuni hii iliunganishwa na ile ya Richard Bootzin ya 1972, inayomtaka asiyepata usingizi atoke kitandani, na mazungumzo ya kupunguza hofu ya kutolala, ikawa tiba ya utambuzi na tabia. Mwaka 2016 Chuo cha Matabibu cha Marekani kiliipendekeza iwe tiba ya kwanza kwa watu wazima wote wanaokosa usingizi kwa muda mrefu, kabla ya kidonge chochote.

Pendekezo hilo limekwama penye jambo la kawaida kabisa: tiba huchukua wiki kadhaa na inahitaji mtaalamu, na wataalamu ni wachache, ilhali cheti cha vidonge huandikwa kwa dakika moja. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha programu ya simu, Somryst, inayompitisha mgonjwa katika hatua hizohizo bila mtaalamu kuwapo, lakini kampuni iliyoiuza iliomba kufilisiwa Aprili 2023, baada ya kushindwa kuzishawishi vya kutosha kampuni za bima ziilipie.