Hadithi za Katuni na Ufundishaji wa Lugha Katika Mji wa Lubumbashi

Mtoto wa Kasungami, mtaa wa pembezoni mwa Lubumbashi, husema nyumbani Kiswahili cha mji huo. Shuleni hukutana na Kifaransa, na vitabuni hukutana na Kiswahili kingine ambacho jirani zake hawakisemi. Katiba ya mwaka 2006 imeitaja lugha hii miongoni mwa lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 ikaruhusu lugha hizo zifundishwe na zifundishie katika shule za msingi. Ni Kiswahili kipi, hilo sheria haikulisema.

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko simu ya mkononi. Union Minière, kampuni ya shaba iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi wa makabila mengi, nao wakajifunza Kiswahili kama lugha ya pili, migodini na kambini. Wakoloni walipoanza kuwaandikia Waafrika, picha zilitumika mapema. Gazeti la Nos Images, la idara ya habari ya serikali, lilisimulia visa vya familia ya Mbumbulu kwa Kifaransa na kwa lugha za wenyeji. Visa hivyo vilifundisha usafi, adabu na utiifu kuliko lugha yenyewe, na wahusika wake walizungumza kama watu waliokuwa wakisomewa kanuni.

Huko Kinshasa mambo yaligeuka mwaka 1968, lilipotokea jarida la Jeunes pour Jeunes. Vijana wake walisema Hindubill, yaani Kilingala cha mitaani kilichochanganywa na Kifaransa, na vijana wa mjini walijitambua humo. Kenya nayo, tangu mwaka 2010, imekuwa na Shujaaz, ambayo wahusika wake husema Sheng. Mafanikio ya majarida haya yasidhaniwe kuwa ni ya picha peke yake. Katuni humpa kila msemaji kinywa chake, na mwanafunzi wa lugha ya pili huona neno likitoka kwa mtu fulani, mahali fulani, akiwa na hasira au na njaa. Orodha ya msamiati haimpi hilo.

Ndipo programu za simu zinapostahili kuchunguzwa. Duolingo ilipoingiza Kiswahili mwaka 2017, ilichukua Kiswahili sanifu na kumfikiria mwanafunzi anayejua Kiingereza. Kwa mtoto wa Kasungami, aliyezoea batoto na bintu, watoto na vitu ni hatua ya kujifunza, ingawa si lugha ngeni. Akiambiwa kwamba alichosema nyumbani ni kosa, atanyamaza darasani. Akiachiwa cha nyumbani pekee, kitabu cha sanifu kitabaki kigumu kwake.

Katuni ina nafasi ambayo mwalimu hana: kiputo cha maneno kinaweza kubeba batoto, na maelezo yaliyo juu ya picha yakabeba watoto, bila mmoja kumsahihisha mwenzake; na sauti ya kiputo ikasikika kwa kuguswa kwa kidole. Tahajia ndiyo itakayoleta mabishano. Hata hivyo mwanzo upo: mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, jina la zamani la mji huo, kwa Kiswahili cha wenyeji wake, bila kungoja kanuni ya shule yoyote.