Mafuta ya Kipevu yalivyopita langoni mchana kweupe

Ukitoka mjini kwa matatu ya Magongo, ukishavuka Makupa, harufu hukufikia kabla ya macho. Changamwe ndiyo hiyo: matangi ya mafuta nyuma ya seng'enge, malori yamepanga foleni, na matanboi wamejilaza kivulini chini ya trela wakingoja karatasi. Hapa dereva hatembei bila karatasi. Akikosa muhuri mmoja tu, atalala barabarani hata siku mbili.

Ndiyo maana mkasa wa Triton, uliofichuka miaka kumi na mitano na ushee iliyopita, bado unawashangaza wakazi wa huku bara. Hakuna seng'enge iliyokatwa wala mlinzi aliyepigwa. Mafuta yalipita njia yake ya kila siku.

Tuanze na mahali penyewe. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi 1963, mwaka wa uhuru. Shirika la bomba la mafuta, KPC, likaundwa 1973, na 1978 bomba la kilomita 450 likaanza kusukuma mafuta kutoka hapa hadi Nairobi. Tangu hapo petroli ya matatu ya Nakuru na mafuta ya taa ya kibanda cha Kisumu huanzia safari yake kwenye kilima hiki, baada ya meli kutia nanga Kipevu.

Lakini meli moja ya mafuta ni mabilioni ya shilingi, na wafanyabiashara wengi hawana fedha hizo mkononi. Benki au muuzaji wa ng'ambo humlipia mwagizaji, kisha shehena hukaa kwenye matangi ya KPC ikiwa dhamana ya deni. Mshika funguo ni KPC, ambayo wakati wa mkasa huo ilikuwa shirika la umma, na ahadi yake ni moja: haitatoka hata lita mpaka mwenye pesa aandike kwamba ameridhika. Mama wa Kisauni aliyewahi kuweka bangili yake rehani kwa sonara hahitaji kufafanuliwa mpango huu. Anajua pia atakachofanya siku atakayosikia sonara amempa mtu mwingine bangili ile.

Mwishoni mwa 2008 kampuni ya Triton, iliyokuwa imechipuka haraka katika biashara hiyo, iliwekwa chini ya mrasimu kwa madeni. Wadai, benki ya KCB miongoni mwao, walipokwenda kuulizia mafuta yao, hawakuyakuta. Januari 2009 nchi ikaambiwa kwamba KPC iliyaachilia mafuta kwa Triton bila wenye rehani kujua, na hasara ikatajwa kuwa Sh7.6 bilioni. Wakati huohuo, kijana anayekamatwa na dumu la dizeli iliyofyonzwa kwenye lori huku Miritini hulala korokoroni usiku uleule.

Januari hiyo ilikuwa chungu kwa kila hali. Rais Mwai Kibaki alitangaza njaa kuwa janga la kitaifa, Wakenya milioni kumi wakihitaji chakula. Tarehe 31, lori la mafuta lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo. Watu wakakimbilia na mitungi kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya 100. Waliochota kwa kikombe waliungua. Waliochota kwa karatasi huku Changamwe walikuwa bado wanatafutwa ofisi kwa ofisi.

Bungeni moto ulikuwa wa aina nyingine. Macho yalimgeukia Waziri wa Kawi, Kiraitu Murungi, na mkurugenzi mkuu wa KPC akang'olewa. Lakini serikali ya muungano, ile ya nusu mkate, ilikuwa na mtindo wake wa kuhesabu: kila waziri alikuwa wa upande fulani, na kumgusa wa huku kulimaanisha kumgusa na wa kule. Mbunge wa Ikolomani, Bonny Khalwale, aliliona hilo kwa macho yake. Julai 2008 hoja yake ya kutokuwa na imani na Waziri wa Fedha, Amos Kimunya, kuhusu uuzaji wa hoteli ya Grand Regency ilipita, na Kimunya akakaa kando. Tume ya Jaji Majid Cockar ikamwondolea lawama, naye akarudi barazani Januari 2009, mwezi uleule wa Triton. Februari Khalwale akaleta hoja nyingine, safari hii dhidi ya Waziri wa Kilimo, William Ruto, kuhusu sakata ya mahindi. Ikaangushwa kwa kura 119 dhidi ya 22. Binafsi naona wabunge walipiga kura kuhusu serikali yao kuliko kuhusu mahindi.

Na mlinzi wa fedha za umma? Kenya haijakosa sheria. Ya kuzuia ufisadi ilikuwapo tangu 1956, enzi za mkoloni. Mamlaka ya kupambana na ufisadi, KACA, iliundwa 1997, na Desemba 2000 Mahakama Kuu ikasema haikuwa halali kikatiba. Ikaja tume ya KACC mwaka 2003, ikiongozwa na Jaji Aaron Ringera, yuleyule aliyekuwa akiongoza KACA ilipovunjwa. Agosti 2009 Kibaki alimwongezea muda bila kupitia bodi ya ushauri. Bunge likagoma, na mwisho wa Septemba Ringera akajiuzulu. Mwaka uliofunguliwa kwa kuulizana nani alitoa mafuta ukaishia kwa kuulizana nani alimteua mpelelezi.

Wengi walifananisha Triton na Goldenberg. Si vibaya, ila kuna tofauti. Goldenberg ya miaka ya 90 ililipwa mabilioni kama motisha ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo nchi hii haikuwa ikichimba kwa kiasi hicho. Karatasi ilisema kuna mali, na mali haikuwapo. Kipevu mali ilikuwapo, imepimwa, imeandikwa tangi kwa tangi. Kilichokosekana ni barua moja ya idhini. Swali lilikuwa dogo kiasi cha kumtosha karani: nani alitia sahihi bila barua ile? Bunge lilipenda maswali makubwa zaidi.

Mwenye Triton, Yagnesh Devani, alikuwa amekwenda Uingereza. Alikamatwa London mwaka 2011, na kesi ya kumrudisha ikapanda na kushuka ngazi za mahakama za huko hadi Januari 2024, alipofikishwa Nairobi na kukana mashtaka.

Changamwe aliyoiacha haikuwa ileile. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilizima mitambo 2013, na wafanyakazi wake wakabaki wakisimulia zamu za usiku. Matangi hayakubomolewa. KPC ilianza kuyakodi kuwekea mafuta, kisha mwaka 2023, miezi michache kabla ya ndege ya Devani kutua, ikakimiliki kiwanda chote. Mshika funguo ni yuleyule, ila kitita cha funguo kimekuwa kizito zaidi.