Mgunda Mkali haukuvukwa kwa misuli

Mtu wa bara anapotia fora katika mashindano ya masafa marefu, maelezo mepesi huwa tayari mdomoni: watu wa kule wamezaliwa na pumzi. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida, alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo Septemba 2025, katika joto lenye mvuke, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimtangulia Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde. Ni rahisi kusema kwamba hapo damu imejitambulisha. Ni rahisi vilevile kusema hivyo juu ya mwendesha baiskeli wa Unyambwa, kata ya Manispaa ya Singida, anayekata upepo wa kiangazi na gunia nyuma yake. Nayapinga maelezo hayo. Historia ya nchi hii ya kati inaonyesha kwamba kustahimili njia ndefu katika hali mbaya ya hewa ni ufundi: hufundishwa, hupangwa, na huweza kupotea. Anayeuita kipaji cha kuzaliwa anawanyang'anya wenyewe sifa ya akili yao.

Ushahidi wa kwanza uko kusini mwa Unyaturu, nchi ya Wanyaturu wa Singida, katika pori ambalo misafara ya karne ya 19 ililiita Mgunda Mkali. Lilianzia magharibi mwa Ugogo, likapita nchi ambayo leo ni Manyoni na Itigi, likaelekea Tura na Unyanyembe, eneo la Tabora. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyelipita mwaka 1857 akienda Kaze, karibu na Tabora ya leo, alilikadiria kuwa na maili 140, yaani zaidi ya kilomita 220. Wakati wa kiangazi vichaka vya Itigi hupukutika majani, kivuli hakuna, na maji hubaki katika mashimo machache penye mawe. Wapagazi waliolivuka mwaka baada ya mwaka, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mzigo wa frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30. Tazama walivyofanya. Wengi waliteremka pwani baada ya mavuno na kurudi kuwahi kilimo. Walianza mwendo kabla ya jua kuchomoza ili wafike kambini kabla halijawa kali. Palipokuwa na umbali mkubwa kati ya kisima na kisima walikwenda terekeza: mchana wakapika, wakanywa na kujaza vibuyu, alasiri wakaondoka, usiku wakalala porini pasipo maji, na asubuhi wakafika kisima cha pili kabla joto halijawapata. Safari ambayo ingehitaji siku nzima ya kiu juani ikakatwa vipande viwili vya ubaridi. Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa msafara, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Kwa hiyo mwendo wa msafara ulikuwa ule ambao watu wote wangeweza kuudumisha, na kijana mwenye nguvu alilazimika kuufuata. Nao Wakimbu walikwisha kuanza kufyeka na kukaa humo, Jiwe la Mkoa likiwa mojawapo ya makazi yao, na kila shamba jipya lilipunguza ukali wa pori.

Hebu sasa tuone kilichotokea ufundi huo ulipowekwa kando. Mwishoni mwa 1874 msafiri Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na watu zaidi ya 350, wengi wao Waungwana wa Zanzibar na Wanyamwezi, watu wa jamii zilezile zilizozoea njia ya Unyanyembe. Alipofika Ugogo aliiacha njia ya kawaida, akashika kaskazini magharibi kupitia Unyaturu ili afike Ziwa Victoria, tena wakati wa mvua. Viongozi wa njia waliokodiwa walitoroka. Njia ikapotea kati ya nyayo za tembo na vifaru, chakula kikaisha, watu wakafa njaa porini. Nafaka iliyowaokoa ilitoka Suna, kijiji cha Warimi, yaani Wanyaturu wenyewe. Januari 1875 Mwingereza Edward Pocock, msaidizi wa Stanley, akafa kwa homa, na siku chache baadaye msafara ukaingia katika vita na wenyeji huko Vinyata na kupoteza watu wengi zaidi. Miguu ilikuwa ileile, mabega yaleyale. Kilichopungua ni ujuzi wa msimu, wa njia na wa majirani.

Wako watakaosema ni kuwakosea adabu wapagazi kuweka taabu yao pamoja na michezo, kwa kuwa walikuwa wakiteswa. Pingamizi hili ni zito na linastahili jibu. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi katika karne ya 19 walikuwa wafanyakazi wa ujira, waliopatana malipo na posho, na waliojua kugoma. Uchukuzi wa kushurutishwa kwa wingi ulikuja na utawala wa kikoloni, na ulifikia kilele katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918, pale majeshi ya pande zote yalipokusanya wachukuzi kwa mamia ya maelfu. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi na lishe mbaya. Walipelekwa katika majira wasiyoyachagua, wakala chakula wasichokizoea, kwa mwendo uliopangwa na ofisa. Kama pumzi ya kuzaliwa ingetosha, ingewaokoa.

Baiskeli ilipoenea bara ilikuta nchi ileile. Singida hupata mvua za wastani wa milimita 600 hadi 700 kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili, na katika miezi hiyo udongo mweusi wa mbuga hushika magurudumu mpaka yasizunguke. Kiangazi kikiingia, huja upepo wenye nguvu kiasi kwamba wawekezaji wa umeme wameufuata huko. Juu ya Phoenix ya China, au Swala iliyotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya NABICO, chuma cha kilo 20 hivi kisicho na gia, upepo wa mbele ni mlima usioonekana. Dawa yake ni kwenda kwa mstari na kupokezana mbele, maana anayefuata nyuma ya mwenzake huokoa robo ya nguvu zake au zaidi. Kuna pia kuondoka alfajiri, na kufunga mzigo chini karibu na ekseli. Sidai kwamba mpagazi alimfundisha mwendesha baiskeli. Nchi iliwapa swali moja, nao wakafikia majibu yanayofanana.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni la mwili. Singida iko takriban mita 1,500 juu ya bahari, na ni kweli hewa ya mwinuko huujenga mwili. Ni kweli pia kwamba mwili huzoea joto. Lakini kulizoea huchukua wiki mbili hivi kwa mtu yeyote mwenye afya anayefanyishwa mazoezi, hivyo hata hilo ni jambo la kujifunza. Simbu mwenyewe hakutoka kijijini moja kwa moja hadi Tokyo: ni askari wa JWTZ, na amefanya mazoezi miaka mingi Arusha. Eritrea nayo, nchi ndogo, imemtoa Biniam Girmay, mshindi wa hatua tatu za Tour de France 2024, kwa kuwa imekuwa na mashindano ya baiskeli tangu enzi za Waitaliano. Na jijini Kigali, Septemba 2025, kati ya wanaume 165 walioanza mbio za baiskeli za dunia za kilomita 267.5, walimaliza 30 tu. Miongoni mwao walikuwamo wenye mapafu bora duniani. Mapafu peke yake hayakuwafikisha.

Kwa hiyo manispaa, Chama cha Baiskeli Tanzania (CHABATA) na wadhamini watakaotaka kuandaa mbio za baiskeli Singida wasianze na kutafuta vijana wenye vifua vipana. Waweke tarehe baada ya mavuno, waanzishe mbio alfajiri, wapime umbali kati ya maji na maji kabla ya kutangaza zawadi, na wawaite waendesha baiskeli wa Unyambwa kwenye meza ya kupanga njia, walipwe kwa ujuzi huo.