Mzigo wa Farasi Hodari

Kwetu Mwadui farasi ni mnyama wa kusoma vitabuni. Mbung'o na ndorobo anayoieneza havikumpa nafasi. Miaka ya 1930 Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mdudu huyo, chini ya Charles Swynnerton. Hata hivyo, mbio za Cesarewitch za Newmarket, Uingereza, zina jambo linalotuhusu.

Zilianza 1839, zikapewa jina la cheo cha Alexander, mrithi wa ufalme wa Urusi, aliyechangia pauni 300. Farasi hukimbia kama kilomita 3.6, wakianzia Cambridgeshire na kumalizia Suffolk, kona moja tu.

Utamu wake uko kwenye mzigo. Farasi hodari huongezewa kilo, vipande vya risasi vikiwekwa kwenye tandiko, mnyonge hupunguziwa. Lengo ni kila mmoja awe na nafasi ya kushinda.

Nikirudi Maganzo, jirani na mgodi, naona mchimbaji mwenye sululu na chekeche akiambiwa soko la almasi ni huru kwa wote. Waingereza haohao waliotutawala walishajua, kwa farasi wao, kwamba kuanzia mstari mmoja peke yake si haki.