Jinsi kompyuta inavyosoma mistari ya protini katika kipimo cha seli mundu

MAJIBU ya kipimo cha seli mundu humfikia mzazi yakiwa herufi mbili tu: AA, AS au SS. Kwa familia iliyoko Mbebe, kata ya Wilaya ya Ileje mkoani Songwe, herufi hizo zaweza kumaanisha mtoto asiye na tatizo, mtoto aliyebeba kinasaba bila kuugua, au mtoto atakayehitaji kliniki maisha yake yote.

Katika maabara nyingi, herufi hizo hutokana na mistari ya protini iliyojipanga juu ya jeli. Kujua mstari upi upo ni hatua ya kwanza; kupima ukubwa wake ni hatua ya pili, na hapo ndipo kompyuta inapoingia.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na seli mundu duniani. Makadirio yanayotumiwa mara nyingi ni watoto 11,000 kila mwaka. Mwaka 1954, mtafiti Anthony Allison alionyesha, kwa uchunguzi alioufanya Afrika Mashariki, kwamba wenye kinasaba kimoja cha ugonjwa huo hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Hiyo ndiyo sababu kinasaba hicho kimedumu katika maeneo yenye mbu wengi.

Umeme unavyotenganisha protini

Njia hiyo huitwa elektroforesisi. Tone la damu iliyopasuliwa seli zake huwekwa kwenye jeli au karatasi maalumu, kisha umeme hupitishwa. Katika hali ya alkali, himoglobini huwa na chaji hasi, hivyo huelekea upande chanya.

Himoglobini A, ambayo ni ya kawaida, hutangulia. Himoglobini S hubaki nyuma kwa kuwa asidi amino moja imebadilika na kuipunguzia chaji hasi. Himoglobini F, ya watoto wachanga, hukaa katikati yao. Linus Pauling na wenzake walitumia tofauti hiyo mwaka 1949 kuthibitisha kwamba seli mundu ni ugonjwa unaotokana na kasoro ya molekuli.

Baada ya kupakwa rangi, kila protini huonekana kama mstari. Kadiri protini ilivyo nyingi, ndivyo mstari unavyokolea.

Kutoka rangi hadi namba

Jicho hutambua mstari uliokolea na uliofifia, lakini haliwezi kutaja asilimia. Kwa hiyo jeli hupigwa picha au kupitishwa kwenye skana, na programu hupima ukolezi wa kila pikseli.

Programu mojawapo inayotumiwa sana na watafiti ni ImageJ, iliyotengenezwa na Wayne Rasband katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na kuanza kutolewa bure mwaka 1997. Mtumiaji huchora mstatili kuzunguka njia ya kila sampuli. Programu huchora grafu ambayo kila mstari wa protini huonekana kama kilima. Mtumiaji hufunga kitako cha kilima kwa mstari mnyoofu ili kuondoa rangi ya usuli, kisha kompyuta hukokotoa eneo lake.

Kwa mfano, ikiwa kilima cha A kina eneo la 12,000 na cha S kina 8,000, jumla ni 20,000. A ni asilimia 60 na S ni asilimia 40, uwiano unaofanana na wa mbeba kinasaba. Mwenye SS ambaye hajaongezewa damu hana A kabisa. Kwa kawaida S huchukua sehemu kubwa na F sehemu ndogo.

Mitego ya kipimo

Hata hivyo, namba ya kompyuta si bora kuliko picha iliyopewa. Picha ya biti 8 ina viwango 256 tu vya ukolezi. Mstari uliofikia kikomo cha weusi hauwezi kuongezeka tena hata protini ikiwa maradufu, hivyo hupimwa pungufu. Kuhifadhi picha kwa mfumo wa JPEG nako hupoteza taarifa. TIFF ni salama zaidi.

Aidha, kitako cha kilima kikichorwa juu au chini mno, asilimia hubadilika. Ndiyo maana sampuli zinazojulikana huwekwa kwenye jeli hiyo hiyo, na kipimo hurudiwa.

Mitego mingine imo katika damu yenyewe. Mtoto mwenye SS aliyeongezewa damu hivi karibuni huonyesha mstari wa A wa mchangiaji, na anaweza kudhaniwa kuwa AS. Damu ya mtoto mchanga hutawaliwa na F, hivyo majibu yake huhitaji kuthibitishwa baadaye. Himoglobini D nayo husafiri sambamba na S, jambo linalohitaji kipimo kingine.

ImageJ ni chombo cha utafiti. Majibu ya mgonjwa hutolewa kwa vifaa na taratibu zilizothibitishwa kwa tiba, ingawa kanuni ya kupima kilima ni ile ile.

Kwa mzazi, jambo kubwa ni kumweleza mhudumu wa afya umri halisi wa mtoto na tarehe aliyoongezewa damu mara ya mwisho. Bila taarifa hizo, hata mstari uliopimwa kwa usahihi unaweza kusomwa vibaya, na mtoto aliyestahili kuanza matibabu mapema akarudishwa nyumbani.