Nyangumi apigaye mbizi kuliko wote, na sauti inayomuua

Nyangumi wa Cuvier ndiye mnyama anyonyeshaye azamiaye kina kirefu kuliko wote wanaojulikana.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa mmoja wao alifika mita 2,992 chini ya bahari, karibu na California, Marekani. Mwaka 2020 watafiti waliarifu juu ya mwingine aliyekaa majini saa 3 na dakika 42 bila kuvuta pumzi.

Siri yake haimo mapafuni. Hifadhi yake kubwa ya oksijeni imo katika damu na misuli. Anapozama, mapigo ya moyo hupungua, na damu huelekezwa zaidi kwenye ubongo na moyo. Shinikizo la maji huyakunja mapafu, hivyo kupunguza naitrojeni inayoingia katika damu.

Hata hivyo, kinga hiyo ina kikomo. Septemba 2002, nyangumi wapatao 14, wa Cuvier na jamaa zake, walikwama katika Visiwa vya Canary, Hispania, saa chache baada ya kuanza mazoezi ya kijeshi yaliyotumia sona, mitambo ya kusaka nyambizi kwa sauti.

Uchunguzi wa mizoga ulikuta viputo vya gesi, mfano wa maradhi yanayowapata wapiga mbizi wanaoibuka upesi. Inaaminika kuwa hofu ya sauti hiyo huvuruga mwenendo wao wa kuzama na kuibuka.

Hispania ilipiga marufuku sona visiwani humo mwaka 2004. Hadi mwaka 2013, watafiti walieleza, hapakuwa na kundi jingine lililokwama hapo.