Uzimaji wa Amana

Katika Idodi, penye njia itokayo Iringa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mwalimu achapaye mitihani kwa kompyuta ya mezani hana betri ya kumsitiri umeme ukatikapo, isipokuwa awe na UPS, ambayo hulia na kumpa dakika chache za neema. Dakika hizo ndizo zilipazo thamani jambo liitwalo haibanesheni, ambalo wengi hulichanganya na usingizi wa kompyuta, na kwa kuchanganya huko hupoteza kazi ya siku nzima.

Asili ya neno ni Kilatini, nalo lahusu majira ya baridi, ambayo baadhi ya wanyama wa nchi za theluji huyapitisha wamelala. Lingeweza kufasiriwa kulala kipupwe, na mtu wa Nyanda za Juu Kusini, aijuaye baridi ya Juni na Julai, asingepata taabu kulielewa. Lakini tafsiri hiyo yapotosha, kwa maana kompyuta iliyolala ingali yala umeme, ilhali iliyo katika haibanesheni imezimika kabisa. Katika usingizi, kazi hubaki ndani ya kumbukumbu ya muda, isiyoweza kushika kitu umeme ukiiacha. Katika haibanesheni, kazi hunakiliwa kwenye diski, mashine ikazimika, na iwashwapo, hata baada ya juma zima, barua hurejea katika sentensi ile ile iliyoachwa. Kwa hiyo napendekeza istilahi uzimaji wa amana, maadamu kazi huwekwa kwa mwaminifu hata mwenyewe aijie.

Amana sharti iwe na mahali pa kuwekwa. Windows hujiandalia faili lake. Linux hutumia sehemu ya diski, yaani kizigeu, iitwayo swapu, ambayo kila siku hupokea vile visivyotumika sana kumbukumbu inapojaa, nami naiita akiba ya kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na akiba ya gigabaiti 2 asistaajabu amana yake ikikataliwa: ijapokuwa Linux hujitahidi kuipunguza nakala hadi takriban sehemu mbili kwa tano za kumbukumbu, lililo salama ni akiba isiyopungua kumbukumbu yenyewe. Akiba ya zram haifai kwa kazi hii, kwani imo ndani ya kumbukumbu ile ile inayofutika. Amri swapon --show itadhihirisha unayo akiba ipi.

Gumu zaidi kugundua ni anwani. Kila kizigeu cha akiba kina utambulisho wake, UUID, na kikiumbwa upya, aghalabu wakati wa kusakinisha mfumo wa pili, utambulisho hubadilika. Aliyesahihisha /etc/fstab peke yake ataona kompyuta ikiandika amana vizuri na kuzimika, kisha ikiwaka upya kana kwamba haikupewa kitu, kwa kuwa yaitafuta kwa anwani ya zamani. Kwenye Debian na Ubuntu zitumiazo initramfs-tools, soma UUID mpya kwa amri blkid, uiandike pia katika faili la /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, kisha uamuru update-initramfs -u. Na utumiapo faili la akiba badala ya kizigeu, yapasa kueleza vilevile mahali linapoanzia ndani ya diski.

Nakusihi, msomaji, usingoje UPS ilie ndipo ujaribu. Umeme ungalipo, fungua waraka usio na thamani, toa amri systemctl hibernate, na kompyuta ikishazimika chomoa waya ukutani, uurudishe, uwashe. Waraka usiporejea, usiiamini mashine hiyo kwa mitihani ya watoto.